Kilio cha Ratli

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Sikutia hata punje ya chumvi. Naapa kwa meno yangu yote, na kwa mstaafu wa umri wangu bado ninayo ya kutosha. Atakayenikamata na uongo, hata mmoja, nitamlipa ratli nzima ya halua, na kahawa ya kuteremshia. Sasa kaeni vizuri, twende Temeke.

Miaka ile Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya. Kila ukigeuka, kuna jambo la kujifunza. Katika mtaa mmoja wa Temeke alikaa mama mmoja, jina lake Mwanakombo. Mume wake aliitwa Mwishehe, fundi baiskeli. Mwishehe alifanya kazi barazani, mbele ya nyumba. Mwanakombo alifanya kazi uani, nyuma ya nyumba. Katikati walipita kuku.

Mwanakombo alikuwa mpishi wa shughuli. Kwenye harusi, hitima, maulidi na misiba, watu walimwita yeye. Pilau yake haikupungua na haikubaki. Mtu wa mwisho akila, ndipo sufuria linapoonyesha kitako chake. Watu walimwuliza siri yake. Alicheka tu, akainua pishi yake juu.

Pishi ile ilikuwa ya mbao. Ilikuwa imelainika kwa mikono ya miaka mingi. Aliachiwa na mama yake. Ukiijaza mchele mpaka juu, ukausawazisha kwa kiganja, umepata pishi moja. Robo yake ni kibaba. Mwanakombo hakujua kusoma. Lakini mtajie idadi ya wageni, naye atakutajia pishi kabla hujafunga mdomo.

Mwezi ule alikuwa na kazi kubwa. Jirani yao Fakihi, muuza nazi, alikuwa anamwoza binti yake Zuena. Zuena huyo alizaliwa mikononi mwa Mwanakombo. Harusi yake haikuwa kazi tu. Ilikuwa kama ya mtoto wake.

"Dada Mwanakombo," Fakihi alimwambia, "nataka pilau ya kusimuliwa."

"Pishi kumi na mbili," Mwanakombo akajibu palepale. "Lete mchele na nyama. Viungo niachie mie."

Basi siku moja baada ya adhuhuri likapita gari la matangazo. Kipaza sauti chake kilikoroma kama mtu mwenye mafua. Mwanakombo alikuwa uani, anatwanga. Mwishehe alikuwa barazani, anajaza upepo. Sikio moja la Mwishehe lilikuwa halisikii. Zamani mpira wa baiskeli ulimpasukia karibu na kichwa. Kishindo chake kilikuwa kikubwa hata kuku wote wa Temeke wakataga siku hiyo, majogoo nao wakiwemo.

"Wananchi..." gari lilikoroma. "Kilo... leo alasiri... ofisi ya tawi... akina mama wote..."

Mwishehe akatupa pampu. Akakimbilia uani.

"Mama wee! Kuna msiba!"

"Msiba wa nani?"

"Hawakutaja. Wamesema kilio, leo alasiri, ofisi ya tawi. Akina mama wote mfike."

Mwanakombo akaacha mchi ndani ya kinu. "Kilio ofisini? Basi huyo aliyekufa ni mtu mkubwa."

"Tena mkubwa sana. Wamempa gari la kumtangaza."

Mwanakombo hakusubiri zaidi. Alijitanda kaniki. Akafunga mchele kwenye kanga, akachukua pishi yake na upawa mkubwa. Msibani watu hula, na watu wakila lazima awepo wa kupika. Akambishia hodi Hija, jirani wa mlango wa pili. Hija alikuwa na kipaji chake. Hakuna aliyelia vizuri kuliko yeye mtaa mzima.

"Hija, tutoke. Kuna kilio."

"Nani?"

"Hatujui."

"Si kitu," alisema Hija, anatafuta ukaya wake wa kujifunika kichwa. "Nitalia kwanza. Jina nitaliweka baadaye."

Kufika kona ya pili walikuwa watano. Kufika ofisini walikuwa kundi zima, na mikeka, na kuni, na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

Ndani ya ofisi alisimama Polikarpo. Huyu alikuwa kijana wa Newala, msimamizi wa duka la ushirika. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima. Mbele yake palikuwa na mizani ya sahani mbili na sanduku la mawe mapya ya chuma. Alikuwa anaeleza.

"Kilogramu moja ina gramu elfu moja. Gramu moja ina desigramu kumi. Na desigramu moja, ndugu wananchi..."

"Uwiii!" Hija akaangua mlangoni. "Uwiii, ametuacha! Ametuacha, jamani!"

Akina mama wote wakapokea. Ofisi ikajaa kilio. Polikarpo akashika sahani za mizani zisiruke.

"Mama zangu!" alipiga kelele. "Mama zangu, msilie! Si ngumu kiasi hicho!"

Mwanakombo akamsogelea. Macho yake yalikuwa mekundu. "Pole sana, mwanangu. Tunazika saa ngapi?"

"Shikamoo, mama. Kumzika nani?"

"Marahaba. Aliyekufa."

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Si mmetangaza kilio?"

"Kilo, mama! Tumetangaza kilo!"

Kilio kikakatika. Kuku yule akalia peke yake. Hija akashusha ukaya taratibu. "Sasa machozi yangu nimpelekee nani?" aliuliza.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Polikarpo naye akacheka. Halafu, kwa utani tu, akasema neno lililomponza. "Labda mwape pole jamaa za ratli. Ratli ndiyo iliyokufa. Na pishi nayo iko mahututi. Kuanzia mwezi ujao madukani ni kilo tu."

Mwanakombo hakucheka tena. Aliikumbatia pishi yake kifuani.

"Pishi imefanya nini?" aliuliza.

"Haijafanya kitu, mama. Ila kila mji una pishi yake. Ya Kilwa si ya hapa. Ya duka hili si ya duka lile. Muuzaji mwingine ana pishi yenye kitako kinene, na mnunuzi anaibiwa mchana kweupe. Kilo ni moja, nchi nzima. Ndiyo maana tunasema, kilogramu moja ina gramu elfu, na gramu moja..."

Mwanakombo hakungoja desigramu. Alitoka. Safari hii kilio kilikuwa chake mwenyewe, na hakikuwa na sauti.

Nyumbani aliketi juu ya kibao cha mbuzi. Hakutwanga, hakuwasha moto.

"Nimesikia vibaya?" Mwishehe alimwuliza kwa aibu.

"Umesikia vizuri kuliko gari lenyewe," alisema Mwanakombo. "Ni kilio. Mie kazi yangu imekwisha. Mchele utauzwa kwa mawe. Mawe mie siyajui. Nikikosea, wageni wa Zuena watarudi kwao na njaa, na watasema Mwanakombo ndiye aliyetia aibu ile harusi. Mwambie Fakihi atafute mpishi mwingine."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi nitamwambia mwenyewe."

Na kweli angemwambia. Lakini kesho yake asubuhi Polikarpo alikuja pale barazani, anakokota baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala chini. Juu ya kibebeo alifunga mizani na lile sanduku la mawe.

"Shikamoo, mzee. Mawe haya yamenipasulia mpira."

"Marahaba. Ndiyo hiyo kilo yenu?" Mwishehe alisema huku anageuza baiskeli. "Imeanza kwa kuua ratli, sasa inaua mipira."

Mwanakombo alisikia sauti, akatoka. Polikarpo akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Jana uliondoka na hasira. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Ulisema maneno kumi, na hakuna hata moja linaloingia sufuriani. Desi nini sijui. Nani anapika desi? Tena mwanzo kabisa umeniambia changu kinakufa. Mtu akikwambia hivyo, utasikiliza la pili?"

Polikarpo akajikuna kichwa. "Nyie mnaopika mnafundishaje?"

"Msichana akija kwangu kujifunza upishi, simpi gunia la vitunguu siku ya kwanza. Namkaribisha jikoni. Namwonjesha mchuzi. Namwambia koroga hapa kidogo. Akichoka, aweke mwiko chini, aende kwao. Kesho atarudi mwenyewe, maana jana hakuumia."

Polikarpo akageukia kibebeo. Halafu akafungua kamba, akateremsha mizani.

"Basi, mama, leo na mie nakuonjesha tu. Sikuuzii kitu. Pishi yako siichukui. Sheria ni ya duka na soko. Jikoni kwako mtu haingii. Lete mchele wako mwenyewe. Tukimaliza, unaurudisha ndani. Ukiona haufai, mie nakunja mizani yangu naondoka, na pishi yako iko palepale."

Mwanakombo akamtazama. "Hata punje haipotei?"

"Hata punje. Ikipotea, mdai mume wako, kuku ni wake."

Wakaenda uani. Polikarpo akaning'iniza mizani kwenye mti wa kuanikia nguo. Mwanakombo akajaza pishi, akasawazisha kwa kiganja, akamimina mchele kwenye sahani moja. Sahani ikaenda chini. Polikarpo akampa jiwe kubwa la chuma. Hakuliweka yeye.

"Weka mwenyewe, mama. Hilo ndilo kilo."

Akaweka moja. Sahani haikusogea. Akaweka la pili. Ikasogea kidogo. Akaweka la tatu. Mawe yakashuka, mchele ukapanda.

"Yamezidi," alisema Mwanakombo.

"Toa moja. Weka hili la nusu. Na hili dogo ni la robo."

Sahani zikatikisika. Zikatulia sawasawa, kama watu wawili waliopatana.

Mwanakombo akahesabu mawe kwa kidole. "Kilo mbili. Na nusu. Na robo." Akayahesabu tena. Halafu akasema polepole, "Kumbe pishi yangu ni kilo tatu kasoro robo."

"Umesema wewe. Mie sijafungua mdomo."

"Tena!" alisema Mwanakombo.

Wakapima tena. Ikawa vilevile. Sasa Mwanakombo akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa ya jikoni. Kilo moja inajaa wapi ndani ya pishi? Polikarpo akapima kilo moja, akaimimina ndani. Mchele ukafika juu kidogo ya theluthi. Mwanakombo akachukua kipande cha mkaa, akatia alama pale pale.

"Mkaa utafutika," alisema Mwishehe, ambaye alikuwa ameacha mpira kwenye beseni na kuja kutazama. Akarudi barazani, akaleta kopo la rangi nyekundu ya kupakia baiskeli. Akachora mstari ndani ya pishi, mwembamba, umezunguka pande zote.

Mwanakombo akaigeuza pishi mikononi. Ilikuwa ileile ya mama yake. Haikukatwa, haikuchomwa. Lakini sasa ilijua kusema maneno mawili. Mpaka mstarini, kilo. Mpaka juu, pishi.

"Na unga?" aliuliza.

"Jaribu."

Akajaza unga wa mahindi mpaka juu. Walipoupima, ulikuwa mwepesi kuliko mchele. Mwanakombo akakunja uso. "Mizani yako inadanganya. Pishi ni ileile!"

"Haidanganyi, mama. Pishi inauliza, umejaa kiasi gani? Mizani inauliza, una uzito gani? Jaza pishi hiyo pamba, halafu jaza misumari. Zote zimejaa. Utazibeba sawasawa?"

Mwanakombo akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa hiyo mstari huu ni wa mchele."

"Wa mchele tu. Unga uwe na wake."

"Na nyama? Nyama nilikuwa nasema ratli."

"Kilo moja ni ratli mbili na kipande. Ukizoea ratli kumi, agiza kilo nne na nusu. Hutapungukiwa."

Hapo Mwishehe akaita kutoka barazani, "Baiskeli tayari!" Lakini Polikarpo hakuondoka. Hija alikuwa amekwisha chungulia juu ya ua.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunaonja kilo," alisema Mwanakombo. "Lete kibaba chako. Bure. Ukichoka unaenda kwenu."

Hija akaja na kibaba. Jirani wa tatu akaja na kopo la maziwa alilopimia dengu. Mwingine akaja na chupa, akataka kujua lita ni nini. Polikarpo akamwonyesha chombo cha lita, akamwachia amimine maji mwenyewe mpaka alowe. Neno desigramu halikusikika tena. Tangu siku ile mizani ilikaa pale barazani kwa Mwishehe kila jioni. Anayetaka kuweka kiraka anaweka kiraka, anayetaka kupima anapima. Hakuna aliyelazimishwa kununua. Hakuna aliyenyang'anywa kopo lake. Rangi nyekundu ya baiskeli iliisha mtaani, na baiskeli moja ikatoka na mkia wa kijani.

Mtu mmoja tu hakuja kuonja. Fakihi.

"Mie muuza nazi," alisema akipita. "Nazi huhesabiwa. Moja ni moja, kwa Mwarabu na kwa Mzaramo. Mawe ya nini?"

"Mchele hauhesabiwi, Fakihi," Mwanakombo alimwambia. "Njoo upime hata mara moja. Binti yako anaolewa."

"Dada, kilo ni ratli iliyobadilisha jina. Ni pishi iliyovaa suruali. Wakubwa wanapenda majina mapya. Wewe umesema kumi na mbili, kumi na mbili zitakuja."

Akaenda zake, anapiga mluzi.

Asubuhi ya harusi ikafika. Mafiga yalikuwa tayari uani kwa Fakihi. Kuni zilikuwa zinawaka, vitunguu vimekatwa, nyama iko kwenye beseni. Wageni wa Kisarawe walikuwa wamekwisha anza kuingia, wengine wanatoka Mbagala kwa miguu. Ndani Zuena alikuwa anapakwa hina, na nyimbo zinasikika.

Fakihi akaja na mfuko begani. Akautua mbele ya Mwanakombo kwa fahari.

"Mchele huo. Mzuri, mpya, wa dukani."

Mwanakombo akaushika mfuko, akaunyanyua kwa kidole cha mwisho. Akautua. Akaunyanyua tena. Mikono yake ilikuwa imezoea mawe sasa. Ilijua.

"Fakihi. Huu ni mchele wa harusi au wa kumpelekea mgonjwa?"

"Umeanza maneno. Kumi na mbili, kama ulivyosema."

"Kumi na mbili nini?"

"Kilo! Si ndiyo wanavyosema siku hizi? Nimeagiza kilo kumi na mbili, nimepimiwa mbele ya macho yangu."

Hija akaachia kisu. "Uwi," alisema, na safari hii hakuigiza.

"Mie nilisema pishi kumi na mbili," alisema Mwanakombo.

"Kitu kilekile!"

Mwanakombo hakubishana. Alichukua pishi yake, akatandika mkeka safi. "Shika. Pima mwenyewe. Hesabu kwa sauti, kama unavyohesabu nazi zako."

Fakihi akajaza. "Moja," alisema kwa nguvu. Akajaza tena. "Mbili." Ya tatu sauti ikapungua. Ya nne aliisema kwa midomo tu. Ya tano haikujaa hata nusu. Akaukung'uta mfuko. Akauchungulia ndani. Akaugeuza nje ndani, kama kwamba mchele umejificha kwenye mshono.

"Nimeibiwa," alisema.

"Hukuibiwa. Umepewa ulichotaja. Pishi nne na kidogo. Wageni wa Kisarawe peke yao watazimaliza, na bado watakutazama usoni."

Fakihi akaketi juu ya kinu. Ndani wanawake walikuwa wanamwimbia Zuena. Jasho likamtoka. "Dada, mwanangu ataaibika. Watu watasema Fakihi kaalika mtaa mzima kuja kunusa. Tufanyeje?"

Na hapo, wasomaji wangu, Mwanakombo yuleyule aliyetaka kuacha kazi alisimama akafumba macho. Vidole vyake vikatembea. Pishi nne, kilo kumi na moja. Nne nyingine, kumi na moja. Nne nyingine, kumi na moja.

"Tunahitaji kilo thelathini na tatu," alisema. "Tunazo kumi na mbili. Mwambie Polikarpo akupimie kilo ishirini na moja. Siyo pishi. Siyo ratli. Kilo ishirini na moja. Sema."

"Kilo ishirini na moja."

"Mume wangu atakupeleka kwa baiskeli. Na wewe ndiye uongee, siyo yeye. Yeye atarudi na jeneza."

Mwishehe hakusikia, au alijifanya hakusikia. Akampakia Fakihi kwenye kibebeo, wakaondoka kwa kasi ambayo vumbi lake lilitua baada ya sala ya adhuhuri. Njia nzima watu walimsikia mzee Fakihi anaimba, "Kilo ishirini na moja, kilo ishirini na moja," asije akasahau. Watoto wakamfuata wakimwitikia.

Polikarpo alimwona anaingia dukani na joho la harusi na vumbi la barabara. Hakumcheka. Alimpa jiwe.

"Weka mwenyewe, mzee," alisema.

Fakihi akaweka mawe mwenyewe. Sahani zilipotulia alizitazama kwa muda. "Kumbe ni rahisi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni rahisi ukionja, mzee wangu."

Mchele ukafika moto ukiwa bado mzuri. Mwanakombo alipika. Harufu ya pilau ile ilifika Mbagala. Watu wa huko wakavaa kanzu, wakidhani ni Idi. Wageni walikula wa mbali na wa karibu. Wakala waliokuja na waliopita tu. Mtu wa mwisho alikuwa Polikarpo. Alipoinua tonge lake la mwisho, sufuria likaonyesha kitako chake. Haikupungua, haikubaki.

Zuena alipotolewa nje alimpita kila mtu, akamwendea Mwanakombo kwanza. Akambusu mikono, nayo ilikuwa bado inanuka bizari.

Baada ya shughuli, Fakihi alikuja barazani kwa Mwishehe, ameficha kitu chini ya koti. Alikuwa na kopo la bati.

"Ile rangi nyekundu," alisema, "imebaki hata kidogo?"

Mwanakombo naye hakuishia kwenye mawe. Alikuwa amechoka kuhesabu kwa vidole tu. Kisomo cha Polikarpo kilipoanza tena, aliketi mstari wa mbele, na pishi yake ameiweka juu ya meza kama mwanafunzi wa pili. Leo anasoma mwenyewe. Wasichana wanaokuja kwake kujifunza upishi hupewa kwanza mchuzi waonje. Halafu hupewa pishi ile, wakaangalia ndani, wakauliza, "Bibi, huu mstari wa nini?" Naye huanza kucheka.

Hadithi ingeishia hapo, na ingeishia vizuri. Kosa langu ni kuwa nilimpelekea Bi Mwanakombo aisome kwanza. Alivaa miwani. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, bila haraka, huku mimi nakunywa kahawa yake. Kidole kikaenda, kikaenda, kikasimama.

"Hapa umeandika nini?"

"Wapi, bibi?"

"Hapa. 'Akaunyanyua kwa kidole cha mwisho.'"

"Ah. Hiyo ni namna ya kusema tu."

"Kilo kumi na mbili, kwa kidole? Nilinyanyua kwa mikono miwili na goti, na mgongo ukaniuma mpaka watu wakasahau harusi. Majogoo ya kutaga nakusamehe, huo ni uongo wa mume wangu tangu zamani. Kidole ni chako." Akageuza karatasi, akarudi mwanzo kabisa. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. "Ra-tli nzi-ma ya ha-lu-a."

Nikaweka kikombe chini. Nilikwenda kwa muuza halua, nikamwambia anikatie kiasi cha ratli. Nikarudi nayo kwenye jani la mgomba. Bi Mwanakombo hakuionja. Aliingia ndani, akatoka na mizani ndogo, akaiweka halua yangu juu.

"Haifiki hata nusu kilo," alisema.

"Ndiyo ratli hiyo, bibi. Nimeapa ratli."

"Ratli ilikufa. Wewe mwenyewe umeandika, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Sasa unanilipa kwa marehemu?"

"Marehemu nani?" Mzee Mwishehe aliita kutoka barazani. "Kuna msiba?"

Nikachukua kofia yangu, nikarudi kwa muuza halua kwa miguu, na jua la saa nane. Kilo, wasomaji wangu, ni nzito kuliko inavyosikika.